Usiku wa mgonjwa wa moyo: barua zenu na majibu yangu

Toleo lililopita niliandika habari za chumvi, vidonge na kujipima uzito, kwa wale ambao moyo umefika hatua mbaya, yaani umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, miguu inajaa maji na pumzi inakata hata ukitoka kitandani kwenda chooni. Nikajua nitaulizwa kuhusu chumvi. Wapi! Karibu barua na meseji zote zilizokuja zinauliza kuhusu Mungu. Nasalije, nafungaje, nimemkosea nini, padri aje au asije, na mmoja ambaye hasali kabisa anauliza yeye ashike nini. Nimezisoma moja moja, nyingine nimerudia mara mbili, manake miaka yote niliyokuwa nesi wodini haya maswali yalikuwepo, ila yalikuwa yanaulizwa saa nane za usiku kwa sauti ya chini, na sisi mara nyingi tulikuwa tunakimbilia dripu ya kitanda kingine.

Mimi si shehe wala mchungaji. Ni muuguzi mstaafu, na nimemuuguza mama yangu mzazi kwa ugonjwa huu huu mpaka siku yake ya mwisho. Nimechagua barua nne, vitu vya kumtambulisha mtu nimeviondoa.

"Nikisujudu pumzi inakata"

*Sista, assalaam aleikum. Nina miaka 56, niko Tanga. Moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu, eko ya mwisho, kile kipimo cha picha ya moyo, imesoma moyo unasukuma asilimia 20 tu ya damu. Shida yangu ni sala. Nikirukuu au nikisujudu pumzi inakata kabisa naona giza, kuna siku nilishindwa kunyanyuka kwenye msala mpaka mjukuu akaja kuniinua. Sasa nasalia kwenye kiti lakini naona kama sala yangu si sala, na jirani mmoja alinambia kiti ni cha wavivu. Na Ramadhani ndo hiyo inakuja, mwaka jana nilifunga siku sita nikalazwa. Nalia sana usiku. Hivi Mungu ananipokea kweli?*

Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na hiyo pumzi kabla sijafika kwenye sala, kwasababu nimeona umeiweka kama vile ni udhaifu wa imani na sio. Moyo wako haumalizi kusukuma damu inayoingia, kwahiyo presha ndani yake iko juu muda wote hata ukiwa umekaa tu, ukiinama tumbo linasukuma kuelekea kifuani na ile presha inapanda zaidi, hapo ndo unabanwa. Mwaka 2014 madaktari wa Dallas, Marekani, waliliandika jambo hili kitaalamu wakalipa na jina. Walikuwa wanamkalisha mgonjwa kwenye kiti wanamwambia ainame kama mtu anayevaa viatu, na wengine ndani ya sekunde 30 tu wamebanwa. Wao waliliona kwenye viatu, wewe umeliona kwenye msala. Mwambie daktari wako hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, "nikisujudu pumzi inakata", usione aibu kwamba ni mambo ya dini, manake hiyo ni dalili kwamba huenda maji yamejaa na labda dawa ya kukojoza inatakiwa iongezwe au ibadilishwe.

Sasa kiti. Kwenye Bukhari, kile kitabu cha hadithi za Mtume, kuna Imran bin Huswain, alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala akajibiwa asali amesimama, asipoweza akiwa amekaa, asipoweza alale ubavu. Tazama jinsi jibu lilivyo jepesi. Hakuulizwa ana bawasiri kiasi gani, hakuambiwa ajikaze. Kwahiyo wewe ukikaa kwenye kiti chako ukainamisha kichwa kidogo kwa rukuu na kidogo zaidi kwa sijda, unafanya kile kile ulichoamrishwa, hujapunguza kitu. Na iko hadithi nyingine, nayo ya Bukhari, natamani uiandike uibandike ukutani pale unapoangalia ukilala: mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko kwake. Yaani zile sijda zako za miaka arobaini, zile za alfajiri na baridi, bado zinaandikwa. Jirani yako huenda hajaisikia, mtumie.

Na usihangaike na udhu wa kwenda bombani. Uwekewe birika na beseni karibu na kitanda, mjukuu akumiminie, tena kwa mikono ya mtoto kama huyo nafikiri na yeye anapata fungu lake. Kama usiku umechoka mno na maji huyawezi, muulize shehe wako akuelekeze tayamamu, usinyamaze ukakosa sala kwa aibu ya kuuliza.

Ramadhani, dada, nakuomba kwa heshima zote usifunge. Aya iko wazi, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, mgonjwa karuhusiwa. Ugonjwa ambao hautarajiwi kuisha unatolewa fidia, kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Wewe unakunywa dawa ya kutoa maji mwilini, ukikaa saa kumi na tatu bila kunywa chochote figo zinaumia, presha inashuka, alafu magharibi unakunywa kwa kiu maji mengi na uji na chai kwa mpigo, yote yanaishia kwenye mapafu. Siku sita ukalazwa, mwili ulishakujibu.

Najua lakini kinachouma sio njaa kutokuwepo, kinachouma ni kukaa pembeni wenzako wote wanafunga. Mama yangu ilimuuma hivyo hivyo. Tulichofanya nyumbani kwetu tulimpa kazi ya redio: yeye ndo alikaa na redio mapajani kusubiri adhana ya magharibi, na hakuna mtoto aliyegusa tende mpaka bibi aseme "tayari". Alikuwa anavaa ushungi wake mzuri kwa kazi hiyo. Ile Ramadhani hakulia tena.

"Mchungaji anasema imani yangu ni ndogo"

*Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Morogoro. Nilipojifungua mtoto wa pili nilianza kuvimba miguu na kukohoa usiku, nikaambiwa moyo umefeli kwa ajili ya uzazi. Sasa ni mwaka wa tatu, wenzangu tulioanza nao kliniki walipona mimi bado, hata ndoo ya lita kumi siwezi. Mama mkwe anasema ni mkosi, mara nimerogwa na mke mwenzie wa zamani. Kanisani nimeombewa sana, mchungaji akaniambia nitubu dhambi iliyojificha na nikiwa na imani kamili nitaacha vidonge. Nikaacha siku tisa. Nililetwa hospitali usiku na povu mdomoni. Sasa nimerudi nyumbani lakini najiuliza, nimemkosea nini Mungu? Au kweli sina imani?*

Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye hilo neno povu niliweka simu chini kwanza.

Hujamkosea. Ugonjwa wako unajulikana, unatokea mwishoni mwa mimba au ndani ya miezi mitano hivi baada ya kujifungua, unawapata wanawake dunia nzima na sisi Waafrika unatupata zaidi, na zaidi tena kama mama alikuwa na presha ya ujauzito au amebeba mapacha. Wengi moyo unarudi hali yake, wengine haurudi. Nani anarudi na nani harudi haiendani na nani mwema, nimeona wodini mtawa akibaki na muuza pombe akiruhusiwa siku moja, na wote niliwapenda.

Mimi Mwislamu, ila kwenye droo ya meza ya manesi kulikuwa na Biblia na zamu za usiku ni ndefu, kwahiyo niruhusu niseme kidogo. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akageuka ukutani akaomba akilia, Mungu akamwambia amesikia na amemuongezea miaka 15. Je hapo dawa ilitupwa? Isaya 38 mstari wa 21, nabii Isaya mwenyewe anaagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu apate kupona. Sala imeshajibiwa, na dawa bado imepakwa. Kama nabii hakuona dawa inavunja imani ya mfalme basi kidonge chako cha asubuhi hakiivunji yako.

Na Ayubu. Watu wanawasahau wale rafiki zake. Siku saba za mwanzo walikaa naye chini kimya, hawakusema neno, na huo ndo ulikuwa wema wao wote. Walipofungua midomo wakaanza, wewe lazima kuna dhambi, hebu tubu. Kitabu kinaishaje? Sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Ayubu aliyelalamika, aliyeuliza kwanini, ndo aliyesema sawa. Kwahiyo ukiuliza "kwanini mimi" saa tisa usiku hujakufuru.

Hapa nageuka niseme na wanaowazunguka wagonjwa, sio wewe mwanangu. Mwaka 2001 huko Marekani, Kenneth Pargament na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 596 wa hospitali, wa miaka 55 kwenda juu, kwa muda wa miaka miwili. Wale waliokuwa wanajiona Mungu kawatupa, hawapendi tena, au shetani ndo kawaletea ugonjwa, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki, hata baada ya kuangalia ugonjwa wao ulikuwa mkali kiasi gani. Sasa ndugu mchungaji, mama mkwe, jirani, shangazi, hilo neno mnalomwambia mgonjwa kwamba Mungu anamuadhibu sio neno dogo. Mnamuongezea mzigo mtu ambaye moyo wake hauwezi hata ndoo ya lita kumi.

Wenye umri wangu mtakumbuka 2011, Samunge kule Loliondo, foleni za magari kilomita na kilomita kwenda kunywa kikombe cha dawa ya yule mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Simlaumu mtu aliyekwenda, mtu akiwa na maumivu atakwenda popote. Kilichoniuma ni waliorudi wakaviweka vidonge pembeni kwasababu wameshakunywa, na wengine tuliwapokea wodini wamechelewa. Dawa za moyo zinafanya kazi kwa kuupunguzia mzigo kila siku, leo na kesho, hazikutibu ukamaliza. Ukiziacha ghafla, hasa hizi za kutuliza mapigo, moyo unarudishiwa mzigo wote kwa mara moja. Kujisikia vizuri ndo dalili zinafanya kazi, sio dalili umepona.

Cha kufanya. Endelea kwenda kanisani kama panakupa faraja, na kama mchungaji huyo hakupi basi kanisa lina watu wengine, tafuta mama mmoja ambaye anajua kukaa kimya na wewe. Mkesha nenda ukipenda lakini kaa kwenye kiti, vidonge vya usiku viwe kwenye pochi, na usifunge mfungo mkavu. Mwambie mchungaji hivi, kwa adabu: "Baba, niombee dawa zifanye kazi." Mchungaji mwenye hekima hawezi kuikataa hiyo sala. Na mimba nyingine usibebe kabla daktari wa moyo hajasema, hata nyumbani wakikusukuma, mimba kwenye moyo ambao haujarudi inaweza kukuua, chukua njia ya uzazi wa mpango inayokufaa wewe na huo moyo. Kama hujaonwa na bingwa omba rufaa, siku hizi Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, sio kama enzi zetu ambapo jibu lilikuwa India au urudi nyumbani.

Kuhusu mke mwenzie wa mama mkwe sina la kusema zaidi ya kwamba huyo mama wa watu aachwe.

"Mke wangu akimwona padri atajua anakufa"

*Sista habari za kazi. Niko Moshi, mke wangu yuko kitandani mwezi wa pili, moyo na figo vyote vimechoka. Jumuiya wanataka padri aje ampake mafuta, mimi nimekataa kwasababu kwetu padri akija na mafuta maana yake mtu anaondoka. Akimwona atakata tamaa. Nimefanya vibaya?*

Shemeji, pole sana. Umefanya kwa upendo, ila naomba ubadilishe.

Hofu yako ina historia. Zamani sakramenti hii ilikuwa inaitwa mpako wa mwisho na ilitolewa mtu akiwa anakata roho, ndo maana wazee wetu wakiona padri na kile kichupa wanaanza kulia. Lakini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Papa Paulo wa Sita mwaka 1972 akaiweka sawa, sasa ni Mpako wa Wagonjwa, anapewa yeyote aliye mgonjwa sana, na anaweza kupewa tena hali ikibadilika. Waraka wa Yakobo 5:14 hausemi mtu anayekufa, unasema mtu wa kwenu amekuwa hawezi na awaite wazee wa kanisa.

Umeona hapo? Na *awaite*. Mgonjwa mwenyewe ndo anaita. Wewe umekataa, jumuiya wamekubali, na yeye hakuna aliyemuuliza. Kaa naye asubuhi, wakati ana nguvu kidogo, mwambie "jumuiya wanauliza kama ungependa padri aje akuombee na kukupaka mafuta, wewe unaonaje?" alafu nyamaza. Nakuhakikishia anajua hali yake kuliko unavyofikiri, mguu ni wake na pumzi ni yake. Akisema hapana, ni hapana. Akisema aje, mwambie padri asikae muda mrefu, mgonjwa wa moyo anachoka kwa kuongea tu, na watu wasijae chumbani wakamaliza hewa, watatu wanatosha wengine waimbe sebuleni.

"Mimi si mtu wa dini, nashika wapi?"

*Sista mimi sitakuzungusha. Nina miaka 63, nimeendesha basi Dar–Mwanza miaka 26. Moyo umebaki asilimia 15, naishi Mbagala kwa binti yangu. Mimi si mtu wa dini, nilizaliwa nayo lakini barabara ilinichukua. Nikianza kusali sasa naona ni unafiki, kama konda anayekuchangamkia siku ya mshahara. Mchana niko sawa. Shida usiku. Nikilala nabanwa, nakaa kitandani naangalia ukuta mpaka asubuhi, naogopa nikisinzia sitaamka. Binti nikimgusia mambo ya kufa ananiambia "baba acha hizo". Niambie ukweli, nitakufa usingizini? Na mtu kama mimi anashika nini?*

Kaka yangu, umeniomba ukweli nakupa. Inaweza kutokea hivyo, ndiyo. Kwa moyo wa namna yako mwingine unasimama ghafla na mwingine anadhoofika pole pole kwa wiki, hakuna daktari wa kukuambia ni ipi. Tofauti na saratani ugonjwa huu haushuki kwa mstari ulionyooka, unaporomoka unalazwa, unapanda tena, unaporomoka, kwahiyo kila mara watu wanasema "si alitoka tu ile nyingine na hii atatoka", na maongezi ya maana yanaahirishwa mpaka hayapo tena.

Ila kubanwa usiku kuna sababu na kuna dawa, usikubali kama ndo hatma. Ukilala, maji yaliyokuwa yamekaa miguuni mchana kutwa yanarudi kwenye damu yanaelekea kifuani, moyo hauyawezi, mapafu yanalowa. Lala umeinuka, mito mitatu minne au kichwa cha kitanda kiwekewe matofali, dirisha wazi, kama kuna feni ielekee usoni. Jipime uzito kila asubuhi ukitoka kukojoa, ukiona umeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hayo ni maji sio ugali, nenda hospitali usisubiri tarehe ya kliniki. Na uulize kuhusu huduma shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso yeye na familia yake. Watu wanadhani ni ya saratani tu, sio kweli. Wana mofini ya kunywa, ile dawa ya maumivu makali, ambayo kwa dozi ndogo inaweza kumpunguzia mwingine ile hali ya kubanwa wakati dawa nyingine zimefika mwisho, na wana watu wa kuongea na wewe na binti yako. Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walilipima hilo, matokeo yakatoka 2017, wagonjwa 150 wa moyo uliofika pabaya, nusu wakapewa matibabu ya kawaida na nusu wakaongezewa timu ya huduma shufaa, baada ya miezi sita wale walioongezewa walikuwa wanaishi vizuri zaidi, wasiwasi na huzuni vimepungua, na hata ule utulivu wa rohoni, waliupima na wenyewe, ulikuwa mkubwa zaidi.

Utulivu wa rohoni, kaka, hawakuupima kwa kuuliza unaenda ibada mara ngapi. Waliuliza vitu kama mtu ana amani, anaona maisha yake yana maana. Cicely Saunders, aliyefungua ile hospisi ya St Christopher's London 1967, nyumba ya kuwatunza walio karibu na mwisho, alianza kama nesi kama mimi, na alisema mtu anayekaribia mwisho anaumwa sehemu zote kwa pamoja, mwili, akili, mahusiano na watu wake, na roho. Wewe mwili wako mchana uko sawa unasema. Kinachokuamsha saa tisa nadhani ni hizo nyingine tatu, zinakusubiri taa zizimwe.

Kuhusu unafiki. Ukitaka kusali sali, hakuna anayekutoza nauli ya miaka 26 uliyopitiliza. Na usipotaka, sitakushika mkono kwa nguvu wakati umedhoofika, nimewaona watu wanafanyiwa hivyo kitandani na haikunipendeza.

Lakini binti yako lazima muongee, na hili nalisema kwa uchungu. Mama yangu alikuwa na sanduku la kanga. Usiku mmoja, amekaa kwenye mito yake minne, akaniambia "nifungulie sanduku nikuonyeshe ipi ya nani." Mimi, nesi, niliyekaa na wagonjwa wa watu miaka yote hiyo, nikamwambia "mama acha hizo, utapona uwagawie mwenyewe." Akanyamaza. Hakuniomba tena. Baada ya arobaini tulilifungua, kanga ishirini na kitu zimekunjwa vizuri, nyingine bado doti hazijakatwa, na sikujua hata moja ya nani. Nilikaa chini pale na majina ya kanga nayasoma moja moja kama vile yataniambia.

Kwahiyo mpe binti ukurasa huu asome. Mwanangu, baba yako akisema kufa hajiombei kufa. Muulize tu, "baba unataka iweje?" alafu msikilize mpaka mwisho hata ukilia. Anataka kuzikwa wapi, nani anamdai, nani anadaiwa, akizidiwa apelekwe wodini tena au abaki nyumbani, yuko mtu anataka kumuomba msamaha kabla. Madereva huwa na mtu wa kumuomba msamaha.

Na umeniuliza ushike nini. Nikwambie nilichokiona. Wodini nilikuwa na mzee mmoja mvuvi, hajui sura wala zaburi, usiku akibanwa alikuwa anataja miamba na majina ya upepo, kutoka pwani ya kwao kwenda nje na kurudi, pole pole, pumzi moja jina moja. Mapigo yake yalishuka, nilikuwa nayashika kwenye kifundo cha mkono nikihesabu. Mwenye tasbihi anafanya hivyo hivyo, mwenye rozari naye hivyo hivyo, pumzi inatulia na akili inapata pa kukaa.

Wewe una barabara. Usiku wa leo mito ikishawekwa na dirisha limefunguliwa, ondoka Dar. Usikimbie, basi halina haraka. Vuta pumzi sema Chalinze, itoe. Morogoro. Gairo. Dodoma, hapo pumzika wateremke wale chakula. Manyoni, Singida, Igunga, Nzega. Kila kituo kumbuka mtu mmoja aliyewahi kupanda pale, mama mwenye kuku, mwanafunzi wa nauli pungufu uliyemwacha apande, na hata yule uliyemkosea, naye mpandishe. Hao wote umewafikisha, kaka, miaka 26, waliamka kwao asubuhi kwasababu wewe hukusinzia. Tinde, Shinyanga, Mwanza.

Binti akikaa macho na wewe siku moja mtajie na yeye vituo, avirekodi kwenye simu. Na wiki ijayo niandikie, uniambie usingizi ulikukuta umefika wapi.